Prosesa Mbili na Joto la Kibwezi

Khairunisa hakuwa mtu wa kuamini vibandiko. Katika duka la Ami Yaarub, pale Al Baraha, Dubai, kompyuta zilizotumika ziliingia kwa maboksi kutoka maofisini, na kila moja ilikuja na sifa zake zimebandikwa kifuani kama nishani, daraja la prosesa, yaani ubongo wa mashine: i3, i5, i7. Wateja walizisoma nishani wakaridhika. Khairunisa alizisoma akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayemsikiliza mtu anayejisifu, kisha akaiwasha mashine na kuipa kazi. Kazi ikiisha ndipo alipoandika. Daftari lake alilipiga mistari mwenyewe kwa rula: jina la mashine, idadi ya viini vya prosesa, dakika ilizochukua, joto la prosesa ikiwa kazini.

Hakufundishwa na mtu. Alikuja Dubai kutoka Majengo, Mombasa, kuuza manukato katika duka lililofungwa baada ya miezi saba. Akahamia kwa Ami Yaarub kushika kaunta. Katika zile saa ndefu za adhuhuri, mji mzima ukiwa umejilaza, alianza kufungua kompyuta mbovu moja moja, akitazama tu nini kimeshikana na nini. Kufikia mwaka 2014 kaunta ilikuwa imepata mtu mwingine, na yeye amepata meza yake, taa yake, na bisibisi ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Onesmus alikuja asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Agosti, akiwa bado na sare ya ulinzi. Alikuwa ametoka zamu katika jengo la kliniki huko Oud Metha na macho yake yalikuwa mazito.

"Madam, nataka mashine moja tu," alisema. "Ya kuchora nyumba."

"Kuchora ramani?"

"Ramani inachorwa na yeyote. Mimi nachora nyumba yenyewe, vile itakaa ikishajengwa. Na jua likiingia dirishani." Akatoa kidude cha kuhifadhia kazi kilichofungwa kwa kamba ya kiatu. "Nilijifunza kwa mashine ya Nick, tulikuwa naye chumba kimoja. Ilikuwa mzee sana hiyo mashine. Naiachia picha ijipike, naenda zamu. Nikirudi asubuhi, nakuta nyumba."

Alilisema hilo bila kutia chumvi, kama mtu anayesema akirudi hukuta chai. Khairunisa akakipenda kidogo kile alichokisikia, lakini hakuonyesha.

Basi akamweleza yaliyobaki, huku ameegemea kaunta. Mkataba wake ulikuwa unakwisha wiki hiyo na ndege yake ilikuwa Jumamosi. Binamu yake Everlyn ni kontrakta huko kwao Kibwezi, na alikuwa amempatia mteja wa kwanza: Mwalimu Mirriam, mstaafu, aliyetaka kuona jua la asubuhi litakavyoingia chumbani mwake kabla msingi haujachimbwa. Alizitaka picha kumi na mbili, na Everlyn alimwahidi kumwonyesha siku tatu tu baada ya Onesmus kufika. Ikiwezekana kazi hiyo, kutakuwa na nyingine. Isipowezekana, juu ya meza ya msimamizi wake palikuwa na karatasi ya miaka miwili mingine ya ulinzi, inayosubiri sahihi mpaka Alhamisi.

"Mashine ikinibeba, naenda," alisema Onesmus. "Isiponibeba, nasaini. Ni hivyo tu."

"Na wewe wataka ipi?"

"Laptopu. Ile pale ya i7. Naingia nayo kwa ndege, khalas. Ile kubwa ya mezani nayo ni i7. Si ni kitu kimoja?"

"Sijui," alisema Khairunisa. "Tuzipe kazi."

Ami Yaarub, aliyekuwa akisoma gazeti nyuma ya kaunta, akacheka bila kuinua uso. Alizaliwa Unguja na kuhamia Ghuba akiwa kijana, lakini ulimi wake haukuwahi kupanda meli. "Bwana askari, umekwisha. Huyu mwanangu akiulizwa leo ni siku gani, husema ngoja nipime kwanza."

Mashine mbili zikawekwa meza moja. Zote zilikuwa na viini vinne. Khairunisa akafungua picha ile ile katika zote mbili: nyumba ya Mwalimu Mirriam, ambayo wakati huo ilikuwa mistari mitupu, kama mifupa ya samaki. Kuipika maana yake ni kompyuta kukokotoa mwanga, pembe kwa pembe: unaanguka wapi, unaruka vipi, unafika ukutani ukiwa umechoka kiasi gani. Picha hujengeka kwa miraba midogo midogo, minane kwa pamoja, miwili kwa kila kiini, mpaka skrini ijae.

Ya mezani ikachukua dakika kumi. Laptopu, kumi na moja na nusu. Khairunisa akarudia mara tatu na majibu yakawa yale yale. Akaandika, akapiga mstari chini.

"Chukua laptopu," alisema. "Tofauti ni ndogo, na hii ina betri."

Onesmus akaishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Aliondoka akiwa macho kabisa, usingizi umemruka.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Khairunisa alitoka dukani kwenda kununua mkate. Mlango ulipofunguka, miwani yake ikafunikwa na ukungu, kama kila siku, akasimama kungojea dunia irudi. Ami Yaarub aliweka kiyoyozi nyuzi kumi na nane mwaka mzima. Alisema mteja akitoka jasho hanunui, na maduka yote ya mtaa ule yalifuata imani hiyo moja. Khairunisa alifanya kazi akiwa na sweta. Humo ndani alipanda na kushuka ngazi mara thelathini kwa siku akiwa amebeba mashine, na hakuwahi kuhema.

Ukungu ukaondoka, akaanza kutembea. Kufika nguzo ya tatu ya taa, hatua zilikuwa zimefupika. Ya tano, alijikuta anaburuta ndara. Akajitazama miguu kwa mshangao, kana kwamba ameazimwa. Miguu ni ile ile, akawaza. Mwanamke ni yule yule. Nusu saa iliyopita alikuwa mwepesi kama karatasi.

Akasimama katika ukanda mwembamba wa kivuli, ubavuni mwa jengo, na pale pale, mikono mitupu, daftari likamfungukia akilini. Aliiona mistari yote aliyoipiga kwa rula. Jina, viini, dakika, joto la prosesa. Miaka yote hiyo ya vipimo, na hakuwahi kuandika joto la chumba. Hapakuwa na haja. Chumba kilikuwa kimoja, na kilikuwa baridi, mpaka akasahau kwamba ni chumba. Amepima mashine za kwenda Kibwezi ndani ya friji.

Mkate hakununua. Alipiga simu.

"Onesmus, Kibwezi kuna joto?"

Ikamjibu sauti ya mtu aliyeamshwa. "Madam? Umenipigia kuniuliza hali ya hewa?"

"Chumba utakachofanyia kazi kikoje?"

"Cha Everlyn. Mabati."

"Kina dari?"

"Dari ya nini? Mabati juu, mabati kando. Mchana hata kuku hawaingii."

"Uje nayo kesho ukitoka zamu. Nadhani nimekosea."

Neno lile lilimtoka taratibu, na baada ya kutoka alihisi masikio yanamchoma.

"Nilishamwambia msimamizi sisaini," alisema Onesmus.

"Najua. Karatasi bado iko?"

"Iko mpaka Alhamisi."

Juu ya paa la jengo, kando ya matangi ya maji, palikuwa na kibanda cha mabati ambamo Ami Yaarub aliweka maboksi matupu. Jumatano, saa mbili asubuhi, Khairunisa alikuwa tayari amevuta waya wa umeme kupitia ngazini, ametundika kipimajoto msumarini na kupanga maboksi mawili kuwa meza. Alichagua asubuhi kwa makusudi. Mchana kibanda kile kingekuwa tanuri, na Kibwezi si tanuri. Kipimajoto kilisema thelathini na saba.

Onesmus aliinama kuingia, akasimama, akavuta pumzi. "Ni hapa hapa," alisema. "Mwezi wa pili, saa nane mchana. Hata harufu ya bati ni hiyo."

Wakaziwasha mashine zote mbili pamoja, wakakaa chini juu ya katoni zilizokunjuliwa, migongo yao ukutani.

Mwanzo skrini zote mbili zilikuwa nyeusi. Kisha mraba wa kwanza ukaangaza, kipande cha mbingu kisicho na kitu, na mwingine kando yake, na mwingine. Nyumba mbili zikaanza kuota sambamba kama pacha. Paa likapata ukingo. Ukuta ukapata rangi ya udongo uliolowa. Feni za mashine zilivuma sauti moja laini, na katika joto lile mvumo ulifanana na kimya. Khairunisa aliona kope zake zinakuwa nzito. Akaona kibaraza, na mwanga umelala juu yake kama kitambaa kilichoanikwa, na kwa kitambo asichoweza kukipima ilimwia kwamba yeye mwenyewe amekaa pale kibarazani, sakafu ni ya baridi chini ya nyayo zake, na kutoka chumba ambacho mraba wake bado haujafika anasikia mtu anamimina maji katika beseni.

"Hapo atakaa akisahihisha madaftari," alisema Onesmus, sauti yake ikitoka mbali. Macho yake yalikuwa nusu yamefumba. "Ameshastaafu lakini watoto bado wanamletea. Dirisha linaangalia Chyulu. Nimeliweka chini kidogo, ili akikaa aone vilima."

"Vilima uko navyo kwenye picha?"

"Bado. Vinakuja mwisho."

Dakika ya nne, mlio ukabadilika. Feni ya laptopu ilipanda juu, nyembamba, kama mbu wa karibu na sikio. Khairunisa akafungua macho vizuri. Pacha mmoja alikuwa ameanza kusinzia. Miraba iliyokuwa ikija kama mtu anayegawa karata sasa ilikuja mmoja, kisha kungoja, kisha mwingine. Kasi ya prosesa, iliyokuwa zaidi ya gigahezi tatu, ikashuka hadi mbili, ikashuka tena hadi moja na kidogo. Akaweka mkono juu ya kibodi akautoa upesi.

"Inaharibika?" aliuliza Onesmus.

"Haiharibiki. Inajilinda. Imefika karibu na nyuzi mia, basi inajipunguza yenyewe isiungue." Akamwonyesha kwa viganja viwili vilivyokaribiana. "Prosesa yake si mbaya. Ila imefungiwa nyumba nyembamba, haina pa kupumulia. Mle dukani baridi ya Ami Yaarub ilikuwa inapumua kwa niaba yake."

Kwenye skrini ya pili nyumba ilikuwa inajaa, bila haraka na bila kusita, feni yake kubwa ikizunguka chini chini. Mlango ukaja mzima. Dirisha likaja. Nyuma ya dirisha, rangi ya buluu iliyofifia, vilima. Dakika kumi na sekunde ishirini. Katika laptopu mlango ulikuwa nusu, na ng'ambo ya nusu ile palikuwa na kijivu kitupu ambacho Khairunisa hakupenda kukitazama.

Ilimaliza dakika ya ishirini na sita. Akairudia. Mara ya pili ilianza ikiwa imeshachoka, ikachukua thelathini na mbili. Ya mezani ikarudia kumi zake.

Ami Yaarub akatokea mlangoni akihema, kofia mkononi. "Mnaoka mikate humu? Nimeambiwa fundi wangu kahamia Jehanamu na mteja."

"Nimemuuzia kitu kisichomfaa, Ami."

"Umemuuzia alichokitaka mwenyewe."

"Alinitaka nimpimie, nikapima vibaya."

Mzee akazitazama skrini mbili, moja imetulia, nyingine inalia. Akajifuta shingo. "Basi akirudishe. Akitaka kingine achukue, asipotaka arudishiwe pesa yake. Lakini nyinyi shukeni, wallahi mtanifia hapa nikaulizwa mimi."

Hawakushuka mara moja. Onesmus alikuwa amekunja miguu, ameweka kidevu juu ya magoti.

"Picha kumi na mbili kwa siku tatu," alisema. "Na kila picha inapikwa mara saba, mara nane, kabla haijakaa sawa. Kwa hii laptopu sitoboi."

"Hutaweza."

"Na ile kubwa siwezi kubeba. Ndege wanaruhusu kilo thelathini, na begi tayari limejaa. Sanduku, skrini, hizo nyaya zote." Akacheka kidogo, bila furaha. "Basi nikasaini?"

Khairunisa akautazama ule waya wa umeme uliopita ngazini. "Umeme wenu hukatika?"

"Hukatika."

"Basi nalo ulijue. Laptopu ina betri, hii haina. Ukikatika katikati ya picha, picha imepotea."

"Ukikatika nitalala, ukirudi nitaamka. Hiyo nimezoea kwa zamu. Lakini mashine ikilala na mimi niko macho, hapo ndio sina la kufanya."

Khairunisa akalifikiria hilo. Kisha akaivuta ile ya mezani, akazima, akafungua ubavu wake kwa bisibisi na kumwonyesha ndani. "Sanduku ni bati tu. Skrini utapata Kibwezi?"

"Skrini ziko. Everlyn anayo moja."

"Bodi, prosesa, memori, diski, kipoza joto chake na hiki kisanduku cha umeme. Havifiki kilo nne. Vikifungwa ndani ya nguo zako vinaingia. Ukifika, ubao wowote utakuwa sanduku lake, na ukiwa wazi ndio utapoa zaidi. Ila kuna jambo." Akaondoa kipoza joto na feni yake, akafuta dawa ya kijivu ya kupitisha joto iliyokaukia juu ya prosesa, akainua kijichuma kando, akaitoa ile prosesa na kuiweka katika kiganja cha Onesmus. Ilikuwa kama biskuti ndogo, nyepesi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu. Safarini lazima isafiri peke yake, kipoza joto kizito kisije kikavunja bodi. Kwa hiyo huko utaifunga wewe. Tazama mahali inapokaa."

Onesmus akainama. Palikuwa na uwanja mdogo wa mraba uliojaa nywele za dhahabu, mamia yake, zote zimeinamia upande mmoja.

"Ukiiangusha kidogo tu, ukiisukuma, nywele mbili tatu zikalala, imekufa. Kibwezi hakuna wa kuinyoosha. Pengine hata Nairobi."

"Na nifanyeje? Nichukue hii?"

"Mara ya kwanza nilikuamulia mimi," alisema Khairunisa, "na ulikuwa hujauliza vya kutosha, wala mimi. Safari hii nakuonyesha tu."

Wakashuka. Baridi ya duka ikawapokea kama maji. Khairunisa akatandaza vipande vyote mezani kwake chini ya taa, akavua sweta aliyokuwa ameivaa kwa mazoea alipoingia na kuitundika. Akafunga mashine yote mara moja, taratibu, akitaja kila anachofanya. Akaifungua tena yote. Akasogea, akaacha kiti.

Onesmus akakaa. Alinawa mikono kwanza, akaikausha hadi vidoleni. Mikono hiyo ilikuwa mikubwa, na kwa miaka minne ilikuwa imefungua milango, ikaandika majina ya wageni, ikashika tochi. Akaikamata prosesa kwa kingo zake, vidole viwili, akatafuta kipembetatu kidogo cha pembeni na mwenziwe katika bodi.

"Usisukume," alisema Khairunisa. "Ikiwa sawa itakaa yenyewe."

"Usiniongeleshe, madam."

Ami Yaarub akaweka gazeti chini. Prosesa iliteremka, ikasimama hewani upana wa ukucha. Kisha vidole vikaachia. Haikutoa sauti. Onesmus akakirudisha kile kijichuma mahali pake; kilihitaji nguvu, kikalia kama kitu kinachovunjika, na jasho likamtoka mle ndani ya nyuzi kumi na nane. Akaweka dawa mpya kiasi cha punje ya mchele. Akashindilia kipoza joto, pembe kwa pembe, kama alivyoona. Memori. Diski. Nyaya, moja aliikosea, akaing'oa mwenyewe kabla hajaambiwa.

Akabonyeza. Feni ikazunguka nusu duara, ikasita, na kwa pumzi moja hakuna aliyejua. Kisha ikashika, na skrini ikawa nyeupe.

Onesmus akaweka bisibisi chini. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu, mwanga umemjaa usoni, midomo inasogea kidogo kama anayehesabu madirisha.

"Sitasaini," alisema mwishowe, na hakuwa akisema na yeyote pale.

"Alhamdulillahi," alisema Ami Yaarub, akainuka na kutafuta funguo. Saa saba ilikuwa imefika, wakati wa kufunga na kwenda kula. "Haya, yalla, bwana askari. Nenda kalale, watu wa nyumbani wasije wakakuona mzuka."

Onesmus alikuwa ameshazima mashine na kuchomoa waya. Bisibisi ilikuwa mkononi.

"Ami, niachie nirudie mara ya pili," alisema. "Na ya tatu. Huko nitakuwa peke yangu."

Mzee akamtazama Khairunisa, naye alikuwa amekwisha kuvuta kigoda na kukaa kando ya meza, mikono mapajani, mahali ambapo angeona bila kugusa. Basi akatoka, akateremsha shata la mlango nusu nyuma yake, na wakabaki humo ndani katika mwanga wa taa moja, Onesmus akitoa skrubu ya kwanza na kuiweka kwenye kifuniko cha chupa ili isipotee.